Kabla ya Kufunga Mizigo: Kwa Nini Tunatuma Wawili Kwenda Kuona

Neno la komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Ihusi, Kalehe



Katika mkutano uliopita mulituuliza swali, na tulikosa jibu la haraka. Mwanachama mmoja alisimama akasema: «Pesa ya kasha ni ya ugonjwa, ya kilio na ya mbegu. Sasa naona kwenye kaye mumeandika 'safari ya kuangalia'. Ni nani anatembea na pesa yetu?» Mfadhili mmoja naye alituandikia karibu maneno yale yale, kwa upole zaidi. Swali ni la haki. Leo tunajibu, na jibu linaanzia kwenye kosa letu sisi wenyewe.

Mwaka 2019 kulikuwa familia moja ya huku kwetu ambayo bado ilikuwa Nakivale, Uganda. Walikimbia wakati wa vita vya 2008, watoto wao wakakulia kule. Walikuwa wanatupigia simu kila juma: «Tukirudi, kuko mahali?» Sisi tulikuwa na furaha. Tulitaka watu warudi, tulitaka chama kikuwe, na tuseme ukweli, tulitaka pia kuwaonyesha watu kama kazi yetu inazaa matunda. Tukawaambia: «Kuyeni, kiwanja kiko.» Tukawatumia picha kwa telefone. Kiwanja kilikuwa Nyamukubi, chini, karibu na mto, hatua chache kutoka sokoni. Picha ilipigwa mwezi wa saba, wakati wa kipwa. Mto ulikuwa kamba ndogo ya maji, watoto wanaruka juu yake. Picha ilikuwa nzuri sana.

Walirudi watu sita. Hakuna hata mmoja wao aliyetangulia kuja kuangalia.

Siku ya tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Sisi wote tunaijua ile siku, hatuna haja ya kuihadithia hapa. Kwa ajili ya wasomaji wa mbali tunasema tu kwamba mvua kubwa ilishusha mito ya Bushushu na Nyamukubi pamoja na mawe, miti na udongo wa mlima, na kwamba miili zaidi ya 400 ilizikwa, na wengi wengine hawakuonekana hata leo. Mama wa ile familia alikuwa amepanda Kalehe kwa kilio. Aliporudi hakukuta nyumba, hakukuta mume, na watoto wawili hawakupatikana.

Hatutaji jina lake. Yuko hapa leo, ameketi pamoja na ba mama wengine, na ni yeye aliyetupa ruhusa ya kusema. Kwa kweli si ruhusa, ni amri. Alituambia: «Museme vile ilikuwa.»

Baada ya miezi mingi tulimwuliza mama huyo: kama ungekuja kwanza wewe mwenyewe kuona, ungeona nini? Tulifikiri atasema hakuna, sababu hata sisi tuliokaa hapa maisha yetu yote hatukuona. Akajibu mara moja: «Kando ya ule mto hapakuwa muti hata mmoja wa zamani. Kila kitu kilikuwa kichanga, migomba na vibanda. Na katikati ya shamba kulikuwa mawe makubwa ya mviringo, makubwa kuliko nyumba ya kuku. Nani aliyaleta pale? Mgeni angeuliza. Ninyi mulikuwa mumeyazoea.»

Tangu siku ile tumeelewa kitu kimoja: mwenyeji si shahidi wa kutosha, na simu ni shahidi mbaya zaidi. Mwenyeji hadanganyi, lakini amezoea. Na mtu aliye mbali husikia kile anachotaka kusikia.

Jambo hili si jipya. Wale wanaosoma Biblia wanakumbuka katika kitabu cha Hesabu, Musa alituma watu 12 kwenda kuipeleleza Kanaani, na kabla hawajaondoka aliwapa maswali: watu wa kule ni wengi au ni wachache, wanakaa katika kambi au katika miji yenye kuta, udongo una rutuba au la, kuna miti au hakuna. Walitembea siku 40, wakarudi na kichala cha zabibu kinachobebwa na watu wawili. Na wote 12 waliona nchi ile ile, lakini 10 walisema hivi na 2 walisema vile. Mchungaji mmoja wa hapa alituonyesha pia kitu ambacho hatukuwahi kukitia akilini: walienda wakati zabibu za kwanza zinaiva. Ni kusema walienda katika msimu mzuri. Sisi tuna picha yetu ya mwezi wa saba.

HCR nayo iko na desturi hiyo. Katika kitabu chao cha mwongozo wa kurudi kwa hiari, cha mwaka 1996, wameandika habari za ziara ambazo wakimbizi wachache wanapelekwa kuona kwao, kisha wanarudi kambini kuwaeleza wenzao; na pia watu wa nyumbani wanaweza kupelekwa kambini kusema. Nenda uone, kuja useme. Rwanda pia iliwahi kufanya mpango wa namna hiyo kwa wakimbizi wake waliobaki nje. Kwa hiyo wafadhili wetu wasifikiri kwamba tumezua kitu cha starehe. Tofauti ni kwamba zile ziara za wakubwa zina magari, zina watu wa kupokea, siku moja au mbili, hotuba, kupiga picha na kurudi. Sisi ni wadogo, lakini tuko na kitu wasicho nacho: tunaweza kulala pale siku kumi, kwenye mkeka, katika nyumba ya mtu, bila mtu yeyote kujua kwamba sisi ni ujumbe.

Kuna jambo la sheria ambalo lazima tulitoe kwanza, sababu kuna watu wameumia. Mkimbizi anayerudi kimya kimya kuangalia kwao anaweza kujiletea matatizo. Mkataba wa mwaka 1951 unasema ukimbizi unaweza kukoma mtu akijirudisha mwenyewe kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake. Ziara fupi ya kuangalia, peke yake, haihesabiki hivyo. Lakini mtu akipotea kambini bila kuaga, halafu siku ya kuhesabu watu hayupo, anaweza kufutwa kwenye orodha na karte ya chakula ikafungwa, na hapo kueleza ni kazi kubwa. Akichukua pasaporti ya Kongo, maswali yanazidi. Na kila nchi iko na namna yake. Uganda, kwa sheria yao ya 2006, mkimbizi anatembea na kufanya kazi. Tanzania, kwa sheria yao ya 1998, kutoka kambini bila kibali ni kosa, kwa hiyo wa Nyarugusu asijaribu kuondoka tu asubuhi kama anaenda sokoni. Aende kwenye ofisi, aombe, aeleze. Karatasi ikichelewa, sisi wa huku tutaenda kwa niaba yake.

Sasa, tunapokwenda kuangalia tunaangalia nini?

Kwa anayerudi, kitu cha kwanza ni shamba, na hapa tutakaa kidogo. Mtu akiwa kambini miaka kumi, shamba lake linakua ndani ya kichwa chake. Linakuwa pana, migomba inazaa kila mwezi. Yeye hajui kwamba ugonjwa wa migomba, ule tunaouita wilti, ulionekana Masisi mwaka 2001 ukashuka mpaka kwetu, na kwamba pale alipoacha migomba 200 leo pana mihogo ya mtu mwingine. Mtu mwingine huyo si mwizi lazima. Pengine alipewa na kapita. Pengine ni yeye pia aliyekimbia kutoka Ziralo au Bunyakiri na hana pa kurudi.

Ndiyo maana wajumbe wetu wanauliza shamba lilitolewa namna gani. Huku Buhavu, kama kwa jirani zetu wa Bushi, munajua tofauti. Kama baba alitoa kalinzi, yaani alipeleka ng'ombe mbele ya mashahidi, shamba ni la kurithiwa. Kama ilikuwa bwasa, alikuwa amekodi tu, na akiondoka, haki imeondoka naye. Kama ni bugule, alinunua, na karatasi iko wapi? Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na katika ibara ya 389 iliahidi kwamba mashamba ya mila yatapangiwa amri ya Rais. Watu waliisubiri amri hiyo miaka na miaka bila kuiona. Kwa hiyo katika vijiji vyetu nguvu ya shamba bado iko kwa mashahidi walio hai. Mjumbe anakwenda kuwahesabu: walikuwa wanne, sasa wamebaki wangapi? Mzee wa mwisho akifa kabla familia haijarudi, kesi imekufa pamoja naye. Mwaka jana tulimkuta shahidi mmoja mgonjwa kitandani. Tuliandika neno lake mbele ya kapita na watu wawili, akatia kidole. Safari ile iligharimu usafiri wa pikipiki na sabuni tuliyompelekea mke wake. Munatuuliza pesa inaenda wapi, iliendea pale.

Na hapa tuko na kanuni ngumu: mjumbe hanunui shamba, halipi arabuni, hatii sahihi kitu chochote katika safari ya kwanza. Hata akiambiwa kuna mteja mwingine anakuja kesho. Hasa akiambiwa hivyo.

Kitu cha pili ni maji na mvua. Tumeamua safari zetu za kuona kiwanja zifanyike kati ya Machi na Mei, au Oktoba na Novemba, mvua ikiwa inapiga. Barabara ya taifa namba 2 wakati huo ni mateso, munaijua, matope mpaka Nyabibwe, na kuna wajumbe waliolalamika kwamba tunawatesa bure. Mateso hayo ndiyo tunayotafuta. Nyumba inayovuja huionekani kipwa.

Sasa tugeuke upande wa pili, upande wa wale wanaotaka kuondoka. Tunajua baadhi ya watu hawapendi tuzungumze jambo hili katika chama cha waliorudi. Wanasema ni kama mchungaji kufundisha watu namna ya kukimbia kanisa. Lakini tangu vita vilipofika Minova na kisha Bukavu, mwanzoni mwa 2025, hakuna nyumba hapa ambayo haijaketi usiku na kuuliza: tubaki au twende? Ndege za Kavumu zilisimama, benki zikafunga, na wengi wetu tunaishi kwa kukopana. Familia tatu za chama zilikuja kwetu zikasema zinataka kwenda Uganda moja kwa moja, na watoto na mbuzi. Hatukuwazuia, chama hakina haki hiyo. Mahali ambapo risasi zinalia hakuna ziara ya kuangalia, mtu anabeba mtoto anakimbia. Lakini hawa hawakuwa wanakimbia risasi siku hiyo. Walikuwa wanafikiri. Na mtu anayefikiri ana nafasi ya kutuma mmoja mbele.

Moja ya familia hizo ilikuwa na ndugu Rwamwanja, aliyefika kule wakati makazi yale yalipofunguliwa tena kwa Wakongo, mwaka 2012. Kila siku anawaambia: «Kuyeni, Serikali inatoa shamba, PAM inatoa chakula, masomo iko karibu.» Na kwa upande wake, hakusema uongo. Yeye alipata. Waliofika kwanza walipata kiwanja cha kulima kweli. Waliokuja nyuma wamepata vidogo zaidi, sababu watu wameongezeka na udongo hauongezeki. Uganda leo inapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na laki saba. Na mwaka 2025 PAM ilikata kabisa msaada wa chakula kwa watu karibu milioni moja kule, sababu pesa za wafadhili zilipungua. Ndugu huyo hakuliona sana jambo hilo, sababu yeye ana mahindi yake na duka dogo. Ni kama sisi na yale mawe ya mviringo.

Tulituma wawili, baba wa ile familia na mama mmoja wa komite. Hapa wengi waliuliza: kwa nini wawili, na kwa nini mwanamke ambaye si bibi yake? Jibu tulilipata njiani. Baba aliporudi alitueleza bei ya mahindi, ukubwa wa kiwanja, ushuru wa barabara, na kwamba watu wa kule ni wapole. Mama alitueleza kwamba kisima kiko mbali na foleni inaanza saa kumi usiku. Kwamba wasichana wanaotafuta kuni wanapita katika mashamba ya watu wa kule na wanafukuzwa, na wengine yanawakuta mabaya kuliko kufukuzwa. Kwamba kituo cha afya kina dawa za malaria, lakini bibi mwenye sukari aliyemkuta pale alikuwa ananunua dawa zake mjini kwa pesa yake. Baba alikuwa amelala siku zile zile katika kijiji kile kile na hakuyajua. Wala hakuna aliyemficha. Hakwenda kisimani, basi.

Na masomo. Hili wazazi wengi wanalisahau mpaka siku ya kuandikisha. Kule wanafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wako aliyemaliza la sita kwa Kifaransa, na biletini nzuri, anaweza kuwekwa darasa la watoto wa miaka minane mpaka ajue lugha. Mwaka wao wa masomo unaanza karibu na Februari, wetu Septemba. Ukihama mwezi wa tatu umepoteza huku na umechelewa kule. Kijana aliyebakiza mwaka mmoja kufika Exetat, tunashauri abaki kwa shangazi amalize. Tuliwahi kuona mmoja aliyeondolewa katika la sita humanité, miezi michache kabla ya mtihani. Leo anaendesha boda, na diplome haipo huku wala kule.

Wajumbe waliporudi, familia iliketi siku mbili. Baba akaamua kwenda peke yake kulima msimu mmoja, mama na watoto wabaki mpaka Januari. Huo haukuwa uamuzi wetu. Familia ya pili ilisikiliza ripoti ile ile na ikaondoka yote, watu saba, juma lililofuata. Wanatupigia simu, wako wazima, wanalalamika njaa kidogo. Ya tatu imebaki, na babu wa nyumba ile hatusalimii tena, anasema tulimkatia njia. Tunakubali lawama yake. Ni afadhali akasirike akiwa hai, na bado tunampelekea mbegu zake.

Tuseme pia pale tuliposhindwa. Safari moja kuelekea ng'ambo ilirudia mpakani sababu karte ya uchaguzi ya mjumbe mmoja ilikuwa imefutika, jina halisomeki. Pesa ya njia ilipotea yote. Sasa tunaangalia karatasi za wajumbe juma moja kabla, na mwenye kupoteza karte anachukua kwanza karatasi ya upotevu. Safari nyingine mjumbe alikaa siku mbili tu, akarudi na sifa nyingi. Baadaye tulijua alilala kwa mwenye kiwanja na kula kuku wake. Tangu hapo mjumbe halali kwa muuzaji, anabeba unga wake, na lazima apitishe pale siku ya soko na siku ya Jumapili. Soko linakuonyesha bei na nani anaogopa nani. Jumapili inakuonyesha watu wanaozungumza na wageni na wasiozungumza nao. Na usiku, anasikiliza. Kama saa moja jioni milango yote imefungwa na mbwa tu ndio wanaosema, aandike hilo pia.

Kuhusu pesa: nusu inatoka katika kasha, lile la funguo tatu, mbele ya wanachama wote, nusu inalipwa na familia yenyewe, hata kama ni kwa maharage. Familia isiyotoa kitu haisikilizi ripoti vizuri, tumeliona hilo. Mjumbe halipwi posho. Analipiwa njia, chakula na yunite za simu, na akirudi anasoma ripoti hapa, kwa sauti, kila mtu amuulize. Kaye ya matumizi iko kwa mama mweka hazina na kila mtu anaweza kuifungua.

Safari inayofuata ni ya familia moja iliyoko Nyarugusu tangu 1996, mwaka kambi ile ilipofunguliwa. Walioondoka vijana sasa ni mababu. Wanataka kujua kama shamba la baba yao, juu ya Nyabibwe, lingali la kwao, na kama wajukuu waliozaliwa Tanzania, ambao hawajawahi kuona ziwa hili, watapokelewa. Wameomba kibali cha mtu wao mmoja kuja, hakijatoka. Kwa hiyo wataenda wetu wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu anayejua wazee wa pale. Wa pili ni yule mama tuliyemtaja mwanzo. Ameomba yeye mwenyewe, na komite imekubali.

Wataondoka Ijumaa ya juma la pili la Oktoba, mvua ikiwa imeanza. Mwenye ndugu Nyabibwe anayeweza kuwapa mahali pa kulala, mradi si jirani wa shamba lile, amwone mweka hazina leo kabla hatujaachana. Na mwenye koti la mvua la kuazima, la mwanamke, alilete.